Mtaguso wa Maabara

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umeanza siku moja na mvua, kana kwamba walipatana. Chumba chetu cha kufundishia wamepewa watu wa kompyuta, kwa hiyo Historia ya Kanisa mwaka huu inafundishwa kwenye maabara ya zamani ya kemia. Kila meza ina sinki lake na bomba la gesi lililozibwa. Wanafunzi wanakaa kwenye viti virefu visivyo na mgongo, miguu inaning'inia, na ubao una doa la njano ambalo hakuna anayejua limetokana na nini. Niliwakaribisha nikawaambia kwamba humu tutachanganya Baba na Mwana tuone kama kitalipuka kitu. Walicheka wawili.

Wako kumi na mmoja. Nilipoanza kazi hii walikuwa wakikaa mpaka madirishani.

Mkuu wa idara ni mtu wa takwimu. Idara yetu ya dini ilipobaki na wahadhiri wawili tuliunganishwa na ya kwake, tukawa ndugu wa kambo. Alinisimamisha kwenye korido akanikumbusha kwamba kozi isiyofikisha wanafunzi kumi inafutwa. Nikamwambia ninao kumi na mmoja.

"Basi waombee afya, Mwalimu," akasema, akaenda zake.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimefundisha mateso ya Wakristo wa kwanza nikiwa na viatu vilivyolowa.

Jumanne, 11 Machi

Mwaka huu nina mwanafunzi. Namaanisha mmoja, maana wale wengine ni watu wema wanaotafuta alama. Huyu wenzake wanamwita Mhubiri, kwa sababu Jumapili anahubiri kanisani kwao, na mwisho wa muhula atawekewa mikono awe mchungaji. Kanisa lake ndilo lililomleta chuoni. Ni kijana mrefu, mpole, ana mazoea ya kushika ukingo wa sinki anapouliza swali.

Leo aliuliza kwa nini tunawajua walioshindwa katika mabishano ya Kanisa kupitia midomo ya waliowalaani tu. "Mwalimu, ni kama kumjua mtu kwa kumsikiliza mtalaka wake," akasema. Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, nilikuwa nimelingoja swali hilo kwa miaka mingi kiasi kwamba nilikuwa nimeacha kulingoja.

Jumapili, 16 Machi

Dada yangu ametoka alfajiri kwenda kanisani. Tunaishi wawili tangu alipofiwa na mumewe, na mimi wangu aliondoka kwa miguu yake mwenyewe. Alinikuta mezani na makaratasi ya kusahihisha, akanitazama huku akifunga kitambaa.

"Huji?"

"Nina kazi, dada."

"Kazi ya nini?"

"Insha juu ya Roho Mtakatifu."

"Mdogo wangu, wewe dini umeisoma mpaka imekwisha," akasema, akatoka na mwavuli wangu.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikakaa na kalamu mkononi muda mrefu bila kusahihisha chochote, maana hakukosea. Nakijua kila alichoamini kila mtu kwa karne kumi na tano za mwanzo. Mtu akiniuliza mimi naamini nini, nitamwambia tuangalie kwanza vyanzo.

Alhamisi, 20 Machi

Paa linavuja juu ya meza ya tatu. Faida ya maabara ni kwamba maji yanaingia moja kwa moja kwenye sinki.

Jumatatu, 24 Machi

Leo wamevuta kura za nafasi za Mtaguso.

Nimeufanya kila mwaka tangu nilipoajiriwa, na ndicho kitu pekee katika kazi yangu ambacho wanafunzi wanakikumbuka wakishakuwa watu wazima. Tunaigiza Nisea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa karne ya nne. Mmoja anakuwa mfalme, wengine maaskofu, na mmoja anakuwa yule kasisi wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana ana mwanzo, kwamba Baba alimuumba kabla ya vyote. Wanajiandaa wiki mbili, wanabishana, kisha wanapiga kura. Kasisi hushindwa kila mwaka, kama alivyoshindwa kweli.

Sheria ni tatu. Uliyemvuta ndiye wako, hakuna kubadilishana. Hakuna kujikinga, yaani hakuna mtu kuanza kwa kusema "mimi binafsi siamini haya, ila". Hiyo niliiweka baada ya miaka ya kusikiliza watu wakijificha nyuma ya sentensi hiyo na kuacha kufikiri. Ya tatu, aliyeshindwa hachekwi.

Mhubiri ndiye aliyemvuta kasisi. Alibaki baada ya wenzake kutoka.

"Mwalimu, naomba nibadilishane na mtu. Kanisani kwetu wananifahamu."

"Kanisani kwenu hawatakuwepo."

"Basi niruhusu niseme mwanzoni kwamba haya si yangu. Sentensi moja tu."

"Hiyo ndiyo sentensi iliyokatazwa."

Akacheka kidogo, akasema sawa. Mimi nilifurahi moyoni. Nilikuwa nimepata kasisi ambaye atanitetea hoja kama inavyostahili, na nilijua ni kura tu iliyonisaidia.

Jumanne, 1 Aprili

Mhubiri amekuja ofisini kuuliza vitabu. Nimempa vyote nilivyo navyo. Macho yake mekundu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Mkuu wa idara anataka kujua "matokeo yanayopimika" ya Historia ya Kanisa. Nimemwandikia kwamba matokeo yake ni Ulaya. Hajajibu.

Jumatano, 9 Aprili

Nataka kuandika siku hii yote kabla haijachuja.

Mfalme alikuwa binti mmoja mcheshi. Alikaa juu ya meza yangu na joho la kuhitimu la kaka yake, akaegemeza simu yake kwenye bomba la sinki ili irekodi, kwani siku hizi wanarekodi kila kitu. Sikumkataza. Maaskofu walisema yao vizuri, kwa sauti za watu wanaojua kwamba wako upande ulioshinda. Kisha Mhubiri akasimama.

Hakuwa na karatasi. Alishika ukingo wa sinki.

"Ndugu zangu," akasema, "mnanipa Mwana ambaye hajawahi kuanza. Hajawahi kuwa mdogo, hajawahi kukosa kujua kitu. Nimfuate vipi huyo? Mama yangu ni fundi wa nguo. Kila anachokijua alijifunza kwa kujichoma sindano, na ndiyo maana nikiumia naenda kwake, siendi kwa malaika. Nipeni Mwana aliyeanza. Alikuwa hayupo, Baba akamwita, akawa. Huyo anajua kuitwa ni nini. Mimi pia niliitwa. Mkiniondolea huyo, mnaniachia Miungu wawili walio mbali sawasawa."

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye meza ya tatu na hakuna aliyegeuka. Askofu mmoja alijaribu kujibu, akaishia njiani, akasema kwa kweli hana la kuongeza. Mfalme akaitisha kura. Sita kwa watano. Kasisi wa Aleksandria ameshinda kwenye maabara ya kemia, kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha.

Nilirudi nyumbani naimba. Dada akaniuliza kama hatimaye wamenipa uprofesa.

Jumatatu, 14 Aprili

Dada aliniletea simu yake jikoni. "Hebu mwone kijana huyu anavyomvunjia Yesu heshima. Na sura nzuri hivi!"

Nililiona sinki kabla ya kuiona sura. Mtu amekata kipande, kuanzia "nipeni Mwana aliyeanza" mpaka "mbali sawasawa", akaandika juu yake kwa herufi kubwa: MCHUNGAJI MTARAJIWA AMKANA MWANA WA MUNGU. Hakuna mfalme, hakuna joho, hakuna kura. Kijana tu, anasema kwa moyo wake wote.

"Dada, hilo ni darasa langu. Ni igizo."

"Mbona hasemi kwamba ni igizo?"

Nilimrudishia simu.

"Umemtumia mtu?" nikamuuliza.

"Watu wachache tu."

"Akina nani?"

"Kundi la akina mama." Akaangalia chini. "Na kwaya. Na wale wa maombi ya alfajiri."

"Dada!"

"Nilijuaje kama ni wako? Wewe huniambii unafundisha nini, unaniambia tu umechoka."

Jumanne, 15 Aprili

Binti aliyekuwa mfalme amelia ofisini kwangu. Alimtumia rafiki yake video nzima, na rafiki akawatumia wengine. Nilimwambia si kosa lake. Alipotoka nilitafuta ni kosa la nani, na kila nilipozunguka nilirudi kwenye sheria ya pili.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Chuo kimefungwa. Mvua tangu asubuhi. Dada kaenda kanisani, mimi nimelala.

Alhamisi, 24 Aprili

Kamati ya kanisa lao imemwita Mhubiri. Alikaa nao mchana kutwa. Aliwaeleza Mtaguso, kura, sheria, kila kitu, nao wakamsikiliza kwa adabu. Mwisho wakasema ili awekewe mikono itabidi asome tamko mbele ya ushirika wote kwamba anayalaani maneno yale, kisha atie sahihi. Akaomba muda.

"Muda wa nini?" nikamuuliza. "Si usome tu, yaishe?"

Akasema ataniambia siku nyingine.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kamati, nimefunga mkanda kwa vita. Ofisi ndogo nyuma ya kanisa, maua ya plastiki, feni inayogeuka kama imelazimishwa. Nilipoingia alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alikuwa mwanafunzi wangu. Nilikuwa nimesahau kabisa. Mwaka wake, yeye ndiye aliyevuta mfalme.

"Nilikaa juu ya meza yako," akasema, huku akiokota kiti. "Mpaka leo nawasimulia watoto wangu."

"Basi unajua kwamba lile ni zoezi la darasani."

"Najua, Mwalimu. Niliwaambia wazee hivyo hivyo. Mzee mmoja akaniuliza, kama alikuwa anaigiza kwa nini hakusema? Nikaanza kuwaeleza sheria yako ya kutojikinga. Katikati ya maelezo nikasikia ninavyosikika, nikaacha."

"Ungeendelea."

"Jumamosi nilizika mtoto," akasema. "Baba yake alinishika mkono pale pale kaburini, akaniuliza kama Yesu tunayemkabidhi mtoto wake ni yule wa kwenye video, aliyekuwa hayupo. Nimwambie nini yule baba? Kwamba ni zoezi?"

Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima. Nikayaacha pale pale.

"Sitaki kumpoteza kijana," akaendelea. "Ndiye bora tuliyenaye. Asome tamko, dakika tano, atie sahihi, nimwekee mikono."

"Na kama moyo wake haujakubali?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu, si wewe uliyetufundisha? Mtaguso haukagui mioyo, unakusanya sahihi. Tuliandika wote."

Huo ni mzaha wangu wa kila mwaka. Hucheka darasa zima. Nilirudi kwa miguu kwenye mvua, na sikuweza kumchukia, ingawa nilikuwa nimekwenda kwa kazi hiyo.

Ijumaa, 2 Mei

Mhubiri amenisubiri maabara baada ya kipindi.

"Siwezi kusoma tamko lile, Mwalimu."

"Kwa nini? Ulikuwa unaigiza."

"Nilipoanza, ndiyo." Alikaa kwenye kile kiti kirefu, magoti yamepanda juu kama ya mtoto. "Nilipokuwa najiandaa, nilijiambia nitamwelewaje kasisi huyu kama sisali anavyosali? Nikajaribu. Nikasali kwa Mwana aliyeanza, aliyejifunza. Mwalimu, nimesali tangu nikiwa mdogo, nimeongoza watu kusali. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba kuna mtu upande wa pili."

Niliweka chaki chini.

"Labda nimekosea kuhusu mwanzo wake. Nitajifunza, nitarekebishwa, sina kiburi. Lakini wanataka nimlaani yule niliyemsikia akinisikiliza."

Nilimwonea wivu. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli. Kijana amekaa juu ya kiti cha kemia anaogopa kupoteza kitu ambacho mimi, na vitabu vyangu vyote, sina hata cha kupoteza. Nilipaswa kumwambia akishike kwa mikono miwili. Nilimwambia afikirie vizuri.

Jumapili, 4 Mei

Nimeshinda kitandani. Dada ameniletea chai mara mbili na mara zote mbili ameikuta baridi.

Jumanne, 6 Mei

Mama yake amekuja ofisini. Utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni, ametoka kazini moja kwa moja. Nilimpa kiti akakataa, kisha akakaa.

"Wewe ndiye Mwalimu wake?"

"Ndiye mimi, mama."

"Anakutaja nyumbani mpaka nimechoka. Mwalimu kasema hivi, Mwalimu kasema vile." Alitabasamu, kisha tabasamu likamshinda. "Joho lake nimeshalikata. Nimemlea peke yangu, na kanisa ndilo lililosimama na mimi. Sasa napita sokoni watu wananyamaza. Hali, halali, anasema hawezi kusoma karatasi. Karatasi, Mwalimu! Ana shida gani na karatasi?"

Nilijaribu kumweleza habari ya dhamiri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sijasoma hayo," akasema, bila hasira. "Ninachojua, maneno yale hakwenda nayo. Alikuja hapa, akarudi nayo. Wewe ndiye uliyeyatia, naomba uyatoe."

Nilimwahidi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimefanya nilichoahidi. Nitaandika nilivyokifanya.

Nilimwita ofisini nikafunga mlango. Nilitumia elimu yangu yote. Nilimwambia kwamba hata Nisea kwenyewe wako maaskofu waliotia sahihi huku neno lile la tamko, kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba, likiwa na maana nyingine vichwani mwao, wakarudi majimboni, wakabatiza, wakafundisha, wakazika watu kwa upendo.

"Darasani uliwaita waoga," akasema.

"Nilikuwa nawachekesha."

"Na wale wawili waliokataa, wakapelekwa uhamishoni pamoja na kasisi?"

"Hao tumebaki na majina yao, na si mengi zaidi. Nani alimzika mtoto wa nani huko walikokwenda? Kuna baba mmoja kwenye ushirika wenu anahitaji mchungaji sasa hivi. Utamfaa nini ukiwa na dhamiri safi nyumbani kwa mama yako?"

Niliona hoja inaingia. Nimefanya kazi hii muda mrefu, naijua sura ya mtu hoja inapomwingia. Nikaendelea. Nilimweleza kwamba maneno ni maneno, kwamba kila kizazi kimelaani kitu na kizazi kilichofuata kikakichimbua. Nikamtaja mama yake.

"Unaniambia nitie sahihi, Mwalimu?"

"Nakuambia utie."

"Kwa sababu ni kweli?"

"Kwa sababu hakuna atakayeumia. Mungu, akiwepo, ataelewa."

Alikuwa akiangalia dirisha. Akageuka.

"Akiwepo?"

Lilinitoka tu, kama vile mtu anavyosema "mvua ikinyesha". Ningeweza kulirekebisha. Ningeweza kusema ni namna ya kusema. Nilikaa nikimtazama, na yeye akinitazama, na naamini aliona yote: vitabu, miaka, Mtaguso wa kila mwaka, na nyuma yake hakuna mtu. Hakukasirika. Alionekana amechoka ghafla, kama aliyebeba kitu mbali halafu akaambiwa hakikuhitajika.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Nitasoma."

Ijumaa, 9 Mei

Mama yake amenipigia simu kunishukuru. Ameniombea baraka, mimi na uzao wangu.

Jumatano, 14 Mei

Mvua imepungua. Nimefundisha kuenea kwa monasteri. Mhubiri alikaa nyuma, hakuuliza kitu.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda kanisani kwao na dada. Alifurahi kuniona nimevaa nguo ya kanisani mpaka nikaona haya.

Kulikuwa kumejaa. Mwenyekiti alimwita mbele. Mhubiri alisoma tamko kwa ile ile sauti ya maabara, imara, haina haraka. Hakujikwaa popote. Alipofika kwenye "ninayalaani maneno hayo, na mafundisho yaliyoyaleta", kanisa zima likaitikia amina, na mama yake akajifunika uso kwa kitambaa akalia kwa furaha. Baba mmoja, mstari wa mbele, aliinamisha kichwa kwa namna ya mtu aliyetuliwa mzigo, na nikajua ni yule wa makaburini. Kwa hiyo siwezi kusema haikumfaa mtu. Nilitafuta usoni mwa kijana alama yoyote kwamba anaigiza, au kwamba haigizi. Mimi niliyemfundisha sikuweza kutofautisha.

Dada alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipofika nyumbani alivua viatu, akakaa.

"Amesoma vizuri," akasema. "Lakini mdogo wangu, sikupenda macho yake. Mwenzangu alitaka nirekodi. Nimekataa."

Alhamisi, 22 Mei

Kanisa lao limeamua halitaleta tena wanafunzi kwenye kozi yangu. Mwaka ujao walikuwa walete watano. Mkuu wa idara amefanya hesabu yake, ambayo hata mimi naiweza. Alinipa pole ya dhati, akaniuliza kama ninaweza kufundisha Stadi za Mawasiliano. Nilisema naweza. Nilitegemea kulia, nikaenda kununua mkate.

Jumapili, 1 Juni

Amewekewa mikono. Sikwenda. Dada alikwenda, akasema joho limemkaa vizuri sana, na kwamba alipotoa baraka yake ya kwanza watu wazima walipiga magoti bila kuambiwa.

Jumatano, 4 Juni

Mtihani. Jua kali.

Jumanne, 10 Juni

Nilikuwa nahamisha vitabu vyangu kutoka maabara alipobisha hodi. Ana kola nyeupe sasa, na tayari anatembea kama wanavyotembea. Nilimwita Mchungaji. Akaniomba nisimwite hivyo humu ndani.

Alinisaidia kufunga sanduku moja, kisha akakaa kwenye kiti kirefu. Aliniambia amezika mara moja, amebatiza, amekaa na wagonjwa. Watu wanasema ana neema. Yule baba aliyefiwa na mtoto anakuja kwake kila wiki, na anaondoka ana nafuu.

"Hayo ndiyo niliyokuambia," nikasema.

"Ndiyo. Ulisema kweli."

Aliipapasa kola kwa kidole.

"Nikifumba macho kusali, hakuna mtu," akasema. "Nilidhani atarudi. Nilipotamka lile neno kanisani nilimsikia anatoka, taratibu, kama mtu anayetoka chumba ambamo kuna mgonjwa amelala. Sasa nasema maneno yote na yanawafikia watu, lakini juu hayaendi." Kisha akaniuliza, bila lawama, kama mtu anavyomuuliza mwenzake wa kazi aliyemtangulia: "Kwako ilikuwa lini?"

Nilimwambia sikumbuki. Ni kweli. Hakukuwa na siku.

"Lakini uliendelea kusimama mbele yetu. Kila wiki. Na tulikuamini."

"Ndiyo."

"Unafanyaje?"

Ningeweza kumwambia avue ile kola aende mahali mbali akamtafute. Nilimfikiria mama yake, na yule baba, na mwenyekiti aliyeangusha kiti ili anisalimu. Nikakaa kiti cha pili, nikamweleza. Nilimwambia aandae mapema, kwa sababu moyo mtupu unaonekana zaidi kwa mtu ambaye hajajiandaa. Nilimwambia asimtazame mtu mmoja muda mrefu. Asijaribu kupandisha sauti ili ahisi kitu. Sauti ikishuka, watu hudhani ndipo anapohisi. Awaulize watu habari zao na asikilize kweli, maana hilo halihitaji imani. Na asiwahi kubaki peke yake kanisani baada ya ibada, atoke na watu.

Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila kipengele. Nilipofika hapo aliniomba nisubiri kidogo, akatoa kalamu mfukoni, akaniomba nianze tena mwanzo.